Uji wa Soja na Kinini za Mama Alima

Tangu lini gazeti likajua kilicho ndani ya damu ya mama wa mtu? Nauliza tu. Mwaka ule wa tisini na mbili, hapa Lubumbashi, watu walikuwa tayari kuamini chochote kilichopigwa chapa, ilimradi kiwe cha bure. Maduka yalikuwa yameporwa mwaka uliotangulia na milango ya mabati bado ilikuwa imepinda. Kampuni ya mgodi ikilipa leo, inanyamaza miezi. Walimu walikuwa kwenye mgomo. Hospitali zilikuwa na vitanda, zilikuwa na madaktari, lakini dawa hakuna. Sasa katika hali hiyo mtu anakuja anakuambia ugonjwa wako unatibiwa na kitu kilichoko jikoni kwako. Utambishia vipi?

Karibu na Posta, muuza magazeti mmoja aitwaye Clovis alikuwa akiyatundika ukutani kwa vibanio vya nguo. Yalifika kwa ndege kutoka Kinshasa yakiwa yamechelewa wiki nzima, na bei yake haikushikika. Kwa hiyo watu waliyasoma wamesimama, ukurasa wa mbele tu, halafu wanabishana mpaka jua la utosi. Ukitaka kufunua ndani, unanunua. Clovis hakuwa na mchezo kwenye hilo. Mji mzima ulikuwa unajua mambo ya dunia kwa vichwa vya habari peke yake, na wala hakuna aliyeona kasoro.

Asubuhi hiyo kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia ya kufuma kichwani, alikuwa mbele kabisa akiwasomea wenzake Kifaransa na kukigeuza Kiswahili.

"Soja inashinda ugonjwa wa sukari! Ba docteurs ba Ulaya banahakikisha!"

"Benye kuhakikisha ni ba nani?" sauti ya kike ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Aliyesimama pale alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, mtandio mweupe umeachwa ulegee mabegani, macho makubwa yasiyopepesa. Viatu vyake vilishashonwa mara mbili, lakini vilisimama kama vya mwenye nyumba.

"Pardon, madame?"

"Mademoiselle. Nauliza hao ba docteurs ni ba nani. Balijaribu ku bantu ngapi? Bantu, ao panya?"

"Iko imeandikwa hapa. Angalia mwenyewe: les chercheurs, batafiti."

"Chercheurs habana majina? Habana muji? Na nani alibalipa?"

Watu wakaanza kucheka. Kijana akajikuna shingo.

"Yo! Mademoiselle, mi nasoma gazeti, weye unafungua tribunal."

"Na weye hii soja inakufurahisha hivi sababu gani? Uko mugonjwa?"

"Apana," akasema. "Mi nauzisha soja."

Hapo kicheko kikalipuka, hata Clovis akaachia vibanio vyake. Lakini mwanamke yule hakucheka mara moja. Alimtazama kijana kwa makini, maana alikuwa ametegemea uongo na amepewa kweli. Halafu akatabasamu upande mmoja wa mdomo, na ukweli ni kwamba kijana wa watu alikwisha pale pale.

Jina lake Aboubakar, wa familia za Maniema, na alikuwa na depo ya nafaka mtaa wa Kenya. Magunia yake yalitoka mashamba ya Lukafu. Mwanamke alikuwa Nafisa, mwalimu wa biolojia, shule yake imefungwa kwa mgomo. Aliishi Kamalondo na mama yake, Mama Alima, mjane wa fundi cherehani. Na Mama Alima alikuwa na ugonjwa wa sukari, anaishi kwa kinini, yaani vidonge, asubuhi na jioni.

Wakakubaliana kusindikizana, lakini kwanza Aboubakar alimwomba Clovis amwazime lile gazeti dakika moja akalitoe fotokopi, na Clovis akafuatana naye mpaka kwenye mashine, gazeti likiwa limekunjwa, kidole chake kikiwa juu yake Abou asije akalikunjua. Ukurasa wa mbele peke yake ndio uliopigwa.

"Utaitundika ku mulango wa depo?" Nafisa akauliza.

"Sasa nitaitundika wapi? Chooni?"

"Nakushuku, Ya Abou," akasema; hilo "Ya" kwetu ni kaka.

"Shuku tu, mademoiselle. Lakini kesho njoo unishukie ku depo, kuko kivuli."

Akaenda. Akaenda na kesho yake, na keshokutwa. Kila siku alikuwa na swali jipya na Abou alikuwa na jibu la kumfanya ajikaze asicheke. Akimwambia, "Uko muzuri," Nafisa anauliza, "Umelinganisha na ba nani?" Akimwambia, "Sijalala," anauliza, "Ao ni mbu?" Majirani wa depo walisema yule kijana anaposwa na hakimu. Abou alipendeza, jamani, na Nafisa alijua, lakini binti alikuwa amezoea kuona kila kitu kizuri kinachokuja Lubumbashi siku zile kina mtu nyuma yake mwenye gunia la kuuza.

Wakati wa mavuno Abou akaenda Lukafu. Simu za mji zilikuwa zimekufa, nyaya zake zimeibwa. Wafanyabiashara walitumia phonie, ile redio ya mawimbi ambayo akiongea mmoja mwingine anangoja, na ukimaliza unasema "à vous" ili mwenzako aanze. Unaongea ndani ya chumba kimejaa watu wanaosubiri zamu yao. Siri pale hakuna. Siku ya Alhamisi Nafisa akaitwa, akakaa kwenye stuli mbele ya mashine, na jirani yake Mama Honorine alikuwa kwenye benchi nyuma yake na kikapu chake cha muhogo.

"Nafisa, chérie, unanisikia? À vous."

"Nakusikia. Na hawa bantu bote hapa nabo banakusikia. À vous."

"Muzuri, bakuwe mashahidi. Nakupenda. À vous."

Benchi zima likapiga vigelegele. Nafisa akajifunika uso kwa mtandio, halafu akaufunua.

"Umehakikisha namna gani? À vous."

"Nilijaribu kulala bila kukuwaza. Nilishindwa. À vous."

"Jaribio ya muntu mumoja haihesabiwi. À vous."

"Eh, binti!" Mama Honorine akapaza sauti. "Mwambie ndiyo, zamu yetu inapita!"

Mashine ikakwaruza, kisha sauti ya Abou ikarudi, safari hii bila utani. "Nafisa, nikirudi nitatuma bazee kwenu. Nataka kukuoa. À vous."

Nafisa akashika kile kitufe cha kuongelea, akakiacha, akakishika tena.

"Apana, Ya Abou. Nikiolewa nitakuja kwenu, na kwenu kumejaa. Mama nitamwachia nani? Asubuhi nani atamupa kinini yake, jioni nani? Usitume bazee. À vous."

Alilia njia nzima mpaka Kamalondo. Na kabla hajafika, Mama Honorine alikuwa ameshapita kwa njia ya mkato na kumwambia Mama Alima kila neno, pamoja na "à vous" zake zote.

Mama Alima hakusema lolote kwa bintiye. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa zamani aliyepungua, anayejua kufunga kilemba kikakaa wima siku nzima. Miaka minne alikuwa akimeza zile kinini nyeupe alizoletewa na dereva mmoja wa lori kutoka Zambia, na miaka minne Nafisa alikuwa akimsimamia na glasi ya maji. Abou aliporudi kutoka Lukafu na kuja kumwamkia, amevaa kanzu safi, mkononi mfuko wa unga wa soja kama zawadi, Mama Alima akamkaribisha kuliko siku zote.

"Mwanangu, nasikia kuko gazeti inasema juu ya hii unga. Kweli?"

"Kweli, mama. Iko imeandikwa."

"Nisomee."

Akamsomea ile fotokopi. Nafisa alikuwa jikoni, akasikia nusu.

Baada ya siku chache glasi ya maji ikakataliwa.

"Sitaki tena kinini," Mama Alima akasema, amekaa mkekani na bakuli la uji wa soja. "Nimepona. Gazeti imesema."

"Gazeti haijakupima, mama!"

"Nasikia mwili mwepesi. Muntu hajui mwili yake?"

"Mama, ile ni ukurasa wa mbele tu! Hatujui balijaribu nini, balijaribu ku nani…"

"Weye unashuku kila kitu. Hata babako alikuwa anasema: huyu mutoto atamushuku hata malaika wa mauti, atamuomba karatasi." Akanywa uji wake. "Ya Abou ni muntu muzuri. Sasa niko sawa. Mwambie atume bazee."

Nafisa akabembeleza, akafoka, akazificha kinini ndani ya bukari, ule ugali wetu, na mama akazitema zote na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Wiki zikapita. Mama Alima akaanza kunywa maji sana, ndoo inaisha kabla ya adhuhuri, na kutoka nje kila mara. Nguo zikampwaya. "Si unaona nimepungua? Ni afya," alisema, midomo imemkauka.

Nafisa akaenda kwa Clovis. Toleo lile lilikuwa limeshazeeka. Mengine yalikuwa yamefungia karanga. Clovis akafukua chini ya meza akalipata moja, limekunjamana, na mwalimu akalinunua lote, akafunua ndani, akasoma palepale kando ya barabara.

Ukurasa wa tano. Watu waliojaribiwa walikuwa kumi na wawili. Sukari yao ilishuka kidogo, kidogo sana, na mtafiti mwenyewe alisema hajui kama ni soja ama ni kwa vile walianza kutembea kila asubuhi. Mwishoni aliwashukuru wenye kiwanda cha unga waliogharimia kazi. Na katikati, kwa herufi zile zile ndogo, ilikuwa imeandikwa kwamba wagonjwa wote waliendelea kutumia dawa zao kama kawaida. Wote! Yule aliyetunga kichwa cha mbele, kama alifika ukurasa wa tano, basi alifika amelala.

Hasira aliyokwenda nayo depo siwezi kuwasimulia yote. Fotokopi ilikuwa mlangoni pa depo, imepigiliwa misumari minne, na wanawake watatu walikuwa wanapimiwa soja.

"Ukurasa wa tano iko wapi?" akauliza.

"Chérie, ukurasa gani?"

"Usiniite chérie!" Akamtandikia gazeti juu ya mizani. "Soma hapa. Basomee na bateja yako. 'Waliendelea na dawa zao.' Soma!"

Abou akasoma. Uso ukamshuka.

"Sikuiona, Nafisa. Naapa. Nilikuwa na ya mbele tu."

"Ulikuwa na ya mbele sababu ya mbele ndiyo inauzisha! Mama yangu ameacha kinini. Anakauka mbele ya macho yangu. Niambie ukweli: ulinipenda mi, ao ulitafuta mugonjwa wa kuonyesha bateja?"

Jibu lilikuwa rahisi. Apana, angesema, na pengine yangeisha. Lakini Aboubakar akanyamaza, akatazama ile misumari minne. Nafisa akauona ule ukimya na akautafsiri alivyotaka.

"Nilikushuku tangu Posta," akasema. "Nilipashwa kujisikiliza."

Akaondoka. Nyuma yake wanawake watatu waliacha magunia wakatoka.

Juma lile lile, akirudi kutoka bombani na ndoo kichwani, akamkuta mama yake ameanguka ubavu kando ya jiko, kilemba kimefunguka. Anaitwa haitiki. Ulimi mkavu, pumzi ya haraka haraka yenye harufu ya ndizi zilizooza. Majirani wakamlaza kwenye mkokoteni wa mizigo wakausukuma wakikimbia mpaka hospitali, Mama Honorine mbele akipiga kelele watu wapishe.

"Ameacha dawa tangu lini?" akauliza daktari wa zamu, Docteur Kapinga, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuchoka.

Nafisa akamwambia.

"Soja?" Hakushangaa hata. "Uko wa tano kuniletea mugonjwa wa soja. Sikia, mwalimu. Nahitaji serum na insuline. Hapa sina kitu. Tafuta upesi, ao tunamupoteza."

Atafute wapi? Maduka ya dawa yalikuwa na rafu na vumbi. Alikuwa bado amesimama uani, mikono kichwani, ndipo Abou akaingia getini anahema, shati limelowa, amekumbatia katoni kifuani. Alikuwa amesikia mtaani, akazunguka kwa wafanyabiashara wenzake wote wanaopitisha bidhaa mpakani, akagonga milango mpaka akapata.

"Iko yote? Na insuline?" Nafisa akauliza.

"Iko."

Akaipokea katoni. Akaishika vizuri, halafu akamtazama yule mwanamume aliyempenda kuliko alivyokubali kusema.

"Dawa nachukua. Weye rudi kwako. Na kama ni kunyamaza kwangu unanunua, haiuzwi."

"Nafisa…"

"Rudi!"

Akarudi. Mama Honorine aliyekuwa amekaa ukutani akasema kwa nguvu kwamba wengine wamesomeshwa mpaka wakapitiliza, lakini Nafisa alikuwa ameshaingia ndani.

Ilichukua siku kadhaa. Serum iliingia tone kwa tone, Docteur Kapinga akapima na kupima tena, na asubuhi moja Mama Alima akafungua macho, akaomba kwanza kilemba chake.

"Abou iko wapi?" lilikuwa neno lake la pili.

"Usimutaje. Yeye na gazeti yake karibu bakuue."

"Gazeti!" Mama akacheka, kicheko dhaifu kilichogeuka kikohozi. "Nafisa, mi nilipika ku nyumba ya bazungu mbele uzaliwe. Niliona gazeti banaisoma asubuhi, mangaribi tunafungia samaki. Unafikiri mi niliamini?"

"Uliamini! Uliacha kinini!"

"Niliacha. Kuamini, sikuamini."

Nafisa akakaa kwenye ukingo wa kitanda, taratibu.

"Honorine aliniambia maneno ya phonie," mama akaendelea, macho darini. "'Mama nitamwachia nani?' Bantu bote balisikia, mwanangu. Miaka mine unanikalia kama askari mulangoni. Bachumba bawili umefukuza, huyu wa tatu. Nikasema, nikipona ataolewa. Sasa kupona sikuweza. Basi nikaonyesha kupona. Ile gazeti ilikuja saa yake, nikaishika."

"Na ukikufa, mama?"

Mama Alima akachezea ncha ya shuka.

"Ungeolewa vilevile."

Lo! Nafisa akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainuka. Akamwita mama yake mubaya, akamwita mwongo, akamkumbatia, akamwita mubaya tena. Alikuwa amemshuku mtafiti, mwandishi, mwenye kiwanda na mpenzi wake. Aliyekuwa akimdanganya kila asubuhi kwa bakuli la uji, huyo hakumshuku hata siku moja, kwa sababu ni mama.

"Abou alijua?" akauliza baadaye, anajifuta.

"Masikini, hapana. Alifurahi kabisa aliposikia nimepona. Unaenda wapi? Nafisa! Funga kilemba basi!"

Depo ilikuwa imefungwa. Misumari minne ilikuwapo mlangoni, karatasi haipo. Jirani akamwambia Aboubakar ameenda Luano, uwanja wa ndege, anaruka na ndege ya mizigo kwenda Kindu kwa wajomba zake, na kwamba kabla ya kuondoka aliwaita wateja wake wa soja mmoja mmoja, akawaambia wasiache dawa. "Nusu walirudisha unga," jirani akasema. "Wengine bakamutukana."

Nafisa akapanda lori la unga lililokuwa linaelekea huko, kitenge cha kijani kikawa cheupe mpaka magotini. Njia nzima alihesabu ndege iliyopaa ingekuwa imefika wapi. Alipofika Luano akakuta ndege ipo chini, tena ipo pale tangu juzi. Mafuta hayajafika. Abiria walikuwa wamewasha mbabula, majiko ya makaa, na wanapika bukari kando ya uzio, na Aboubakar alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, ndevu zimeota, shati lile jeupe halitambuliki tena.

"Mama?" akauliza, akisimama ghafla.

"Ameamka."

Akafunika uso kwa viganja.

"Siku ile ku depo, nilikuuliza kitu ukanyamaza," Nafisa akasema. "Sababu gani?"

"Sababu nilikuwa najiuliza na mi. Clovis alishika ile gazeti na kidole. Mi ningeweza kununua, pesa ilikuwako. Sikununua. Nilifikiri kidogo: ndani kunaweza kuwa na maneno ingine. Halafu nikasema, ya mbele inatosha." Akamtazama. "Sikukudanganya, Nafisa. Lakini sikutaka kujua. Ungeniuliza kama nakupenda ningejibu upesi. Ulichanganya maulizo mbili."

"Nilikosea."

"Weye nawe ulinisoma ukurasa wa mbele tu."

"Nilikosea, nimesema! Unataka niandike?"

Akamsimulia basi, yote, kuanzia Mama Honorine mpaka "ungeolewa vilevile." Abou alisikiliza mdomo wazi. Akakasirika, akacheka, kisha machozi yakamtoka na hakuyaficha.

"Alitaka kufa ili mi nikuoe? Na mi nikamupelekea unga!"

"Sukari yake imekuwa ya shida. Akili yake haina shida."

"Sasa tunafanya nini?"

"Weye unaenda Kindu."

"Na ndege haina mafuta?"

"Ikipata?"

"Hata ikipata," akasema Abou, akaokota sanduku. "Twende nyumbani."

Mama Alima alipotoka hospitali, wazee walitumwa Ijumaa baada ya sala. Nyumba ya Kamalondo ilitandikwa mikeka, Mzee Mawazo, mjomba wa Abou wa hapa hapa mjini, akaja na joho lake la kahawia, imamu akakaa katikati. Nafisa alivaa kitenge kipya cha buluu na hina mpaka vifundoni. Mama Alima alikuwa nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Desturi ya kwetu mwaijua: mkwe hali mbele ya mama mkwe, hakai mkeka mmoja naye, na kumtazama kinywani ni aibu ambayo watu huhama nayo mtaa.

Imamu akauliza kama mila inavyotaka: bibi harusi anataka mahari gani?

Watu wakategemea vitambaa, dhahabu, labda cherehani.

"Tutakaa hapa na mama," Nafisa akasema. "Na kila siku, asubuhi na jioni, bwana yangu atamupa mama kinini yake na mukono wake. Atamuangalia kinywani mpaka aone imemezwa. Mi mama yangu ananidanganya, nampenda sana, sioni. Yeye ataona. Hiyo ndiyo mahari yangu."

Mzee Mawazo akaruka. "Hiyo haiwezekani! Mukwe aangalie kinywa ya mama mukwe? Tutaweka macho wapi, sisi?"

"Njo maana ni mahari, mzee. Ingekuwa kitu rahisi, ningeomba kitenge."

"Mi nakataa!" Mama Alima akapaza sauti nyuma ya pazia. "Nitameza mwenyewe! Sitaki kukaliwa tena na bantu, uende kwako, Nafisa, uende!"

"Mama," Nafisa akajibu, "hapa hakuna muntu anakuamini tena."

Imamu akavuta ndevu. Akasema yeye hajaona andiko linalokataza, mila ni jambo lao wenyewe. Wote wakamgeukia Aboubakar. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kofia. Akamtazama mjomba wake, ambaye alitikisa kichwa: usithubutu.

Abou akainuka. Akaomba glasi ya maji na kinini moja. Akavuka mkeka, akapiga magoti mbele ya pazia, akalifungua kidogo, na wanawake waliokuwa ndani wakageuza nyuso ukutani.

"Mama," akasema.

Mama Alima alimtazama, kilemba wima, midomo imebanwa. Kisha akaichukua ile kinini, akaiweka kinywani, akanywa maji.

"Fungua, mama."

Akafungua.

"Inua ulimi."

Akainua. Abou akatazama, vizuri, upande wa kulia na upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza yeye mwenyewe.

"Amemeza," akamwambia imamu.

Mama Alima akafunga kinywa, akaanza kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.